Je, vijana wetu vyuoni ni wa mayai?

(Mazungumzo ya redio ya wiki hii, kama yalivyosomwa hewani.)

Ndugu msikilizaji, hapa kwetu Kyimo, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tukuyu hadi mpaka wa Malawi, hakuna siri inayoshuka kwenye basi ikabaki siri. Akina mama wauzao ndizi na maparachichi kando ya lami humwona kila anayeshuka, na kabla hajavuka barabara wamekwisha jua ni wa nani, katoka wapi, na kama kaja kwa heri au kwa shari. Mwezi uliopita alishuka kijana mmoja akiwa na begi, ndoo na godoro.

Godoro lina lugha yake. Mwanafunzi wa chuo akija likizo huja na begi tu, godoro huliacha kwa mwenzake. Akishuka nalo katikati ya muhula, na mvua yetu hii ya Rungwe inalilowesha, maana yake ameaga huko atokako. "Amedisko huyo," alisema mama mmoja huku akimhesabia mteja chenji. Neno hilo la vyuoni, la mtu kuondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani, siku hizi halihitaji mkalimani hata sokoni.

Kijana yule ni mjukuu wa marehemu kaka yangu. Mimi ananiita babu, na kwa kuwa kaka hayupo, mashauri yake huishia kwangu. Jioni ile tuliketi jikoni, moto unawaka kwa ajili ya baridi, nikamuuliza kulikoni. Akasema hajadisko. Ana somo moja la kurudia mtihani, "sapu" kama wanavyoiita, basi. Ameondoka mwenyewe.

Sababu ilikuwa hii. Mhadhiri alisoma insha yake mbele ya darasa la watu zaidi ya mia mbili. Alipofika kwenye sentensi moja ya Kiingereza iliyokwenda kombo, akacheka, akauliza ni shule gani iliyomleta mtu huyu chuo kikuu. Darasa zima likaangua kicheko.

"Ndiyo hayo tu?" nikamuuliza.

Kisha nikafanya yale tufanyayo sisi wazee tukishiba. Nikampa hotuba. Nikamwambia habari za chuo cha ualimu nilichosoma mwaka 1980, nchi ikiwa ndiyo imetoka kwenye vita vya Kagera, sabuni inatafutwa kama dhahabu. Nikamwambia habari za bweni la watu sitini na kunguni wasiohesabika, maharage yenye wadudu, mchakamchaka wa alfajiri, na wakufunzi ambao kicheko chao ulikiomba, maana hasira yao ilikuwa mbaya zaidi. Nikamaliza kwa kusema kwamba sisi hatukuwa wa mayai.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, macho yakiwa motoni. Halafu akasema: "Babu, samahani. Siku mlipokula hayo maharage yenye wadudu, ulikuwa na nani?"

Sikumjibu. Nilikwenda kulala nimekasirika, na usingizi haukuja.

Malalamiko kwamba wanafunzi wa vyuo siku hizi hawana kifua, kwamba neno moja la mwalimu huwavunja na alama mbaya huwalaza kitandani, huyasikia kila mahali. Wahadhiri huyasema, waajiri huyasema, nasi wastaafu tunayasema kuliko wote kwa kuwa muda tunao. Na si kwetu peke yetu. Kule Marekani, Greg Lukianoff na Jonathan Haidt waliandika makala mwaka 2015, kisha kitabu kizima mwaka 2018, wakidai kwamba watoto wa huko wamelelewa kwa kulindwa mno, hawaachwi wacheze wenyewe wala wagombane na kupatana wenyewe, hata wakifika chuo kikuu huliona neno wasilolipenda kuwa ni jeraha.

Sina ugomvi nao kuhusu Marekani, sijafika huko. Lakini hoja hiyo ikivushwa bahari ikaletwa Kyimo, inanipa taabu. Kijana niliyekuwa naye jikoni ni nani aliyemlinda mno? Alianza kubeba maji kabla hajajua kusoma. Amechuma chai kwenye mvua. Amekwenda sekondari kwa miguu katika ukungu ambao huoni ng'ombe aliye mbele yako mpaka umgonge. Malezi ya mayai, kama yapo, yako kwenye nyumba zenye geti huko mijini, na hata huko nadhani ni machache kuliko tunavyosimuliana.

Tena kuna jambo jingine. Kijana huyu amepita Jeshi la Kujenga Taifa. Msikilizaji atakumbuka kwamba mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, na moja ya sababu zilizosemwa sana mitaani ni kwamba yatawakomaza vijana hawa waliolegea. Naam, yeye alikwenda baada ya kidato cha sita. Aliamshwa usiku wa manane, akakimbizwa, akagaragazwa kwenye matope, akaitwa majina ambayo redio hii haiwezi kuyatamka. Akarudi amenenepa na anaimba nyimbo za jeshi akikata majani ya ng'ombe. Mtu huyo huyo ndiye aliyevunjwa na kicheko cha mhadhiri mmoja.

Hapo ndipo swali lake lilipoanza kuniwasha. Kambini walikemewa wote. Walitukanwa wote, wakalala wote, asubuhi wakacheka wote kwa yale waliyoitwa jana yake. Darasani alichekwa yeye, na waliocheka ni wenzake.

Nikajilazimisha kukumbuka sawasawa, si kama ninavyosimulia harusini. Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka ule wa 1980, mkufunzi mmoja alikaa nyuma ya darasa langu la tatu, akatazama andalio langu la somo, kisha mbele ya watoto akaniambia niketi, akafundisha yeye. Baadaye akaniandikia neno moja tu kwa wino mwekundu: "Hafai." Nilirudi bwenini nikafunga sanduku langu la bati. Nililia, ndugu msikilizaji, na sijawahi kulisema hili kwa watoto wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kilichonizuia nisipande gari la kurudi nyumbani hakikuwa ujasiri. Mwenzangu wa kitanda cha juu alikificha kiatu changu kimoja. Nilikitafuta mpaka kengele ya chakula ikalia. Usiku ule wenzangu watatu walikaa nami kwa mwanga wa kibatari, wakaniandalia somo upya, wakanifanya nifundishe pale pale bwenini, wao wakiwa wanafunzi wa darasa la tatu, na mmoja akijifanya mtoto mtukutu kweli kweli. Kiatu nilikipata asubuhi, ndani ya pipa la unga lililokuwa tupu. Nikafundisha miaka thelathini na sita.

Basi hilo ndilo jibu nililopaswa kumpa yule kijana kuhusu nilikuwa na nani. Badala yake nilimsimulia maharage.

Sisi Wanyakyusa, kwa bahati, jambo hili tumeandikiwa kitabu. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi huku kwetu miaka ya 1930 wakichunguza mila zetu, na mwaka 1951 mama huyo akatoa kitabu juu ya vijiji vya rika. Wazee wetu walikuwa na desturi ambayo wataalamu hawakuikuta mahali pengi duniani. Mtoto wa kiume akifikia miaka kumi hivi, hakuendelea kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika moja walikwenda pembeni wakajenga vibanda vyao, wakaanza kijiji chao. Mchana walilima mashamba ya baba zao na kuchunga ng'ombe. Chakula walikula kwa mama zao, lakini hawakwenda mmoja mmoja: walikwenda kundi zima, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakikua walioa wakiwa katika kijiji hicho hicho, wakazeekea humo na majirani wale wale wa utotoni.

Ukiambiwa leo kwamba mtoto wa miaka kumi anahama nyumbani, utasema huo ni ukatili. Na kwa hakika baridi ilikuwa ile ile, mvua ile ile, na vibanda vya watoto vilivuja. Lakini mtoto hakupelekwa kwenye ugumu peke yake. Wazee walikuwa na neno, ukwangala, yaani kukaa pamoja na wenzako, kula nao, kuzungumza nao na kubishana nao, na walishikilia kwamba akili, amahala, mtu huipata humo. Mtu aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka kubwa, hata la uchawi. Sisemi turudi huko. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, na hilo peke yake latosha kunifunga mdomo nisisifie mno. Ninachosema ni kwamba wazee hao, ambao hakuna atakayewaita laini, walijua kukomaa kunahitaji watu.

Sasa mtazame mwanafunzi wa leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa kwanza, wote wa sheria, hawakuzidi 14. Mhadhiri aliwajua kwa majina na pengine kwa majina ya baba zao. Leo nchi ina vyuo vikuu vingi na wanafunzi wengi mno, jambo ambalo nalishukuru, maana zamani kijana wa Kyimo asingepata nafasi. Mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mabweni mapya ya Mlimani yaliyofunguliwa Aprili 2017 yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na yalishangiliwa kama mvua baada ya kiangazi. Kila penye chuo, wengi hupanga vyumba mitaani. Huyu wetu alikuwa na chumba chake, "geto", mwendo wa nusu saa kutoka chuoni: godoro, ndoo, jiko la gesi, na simu.

Simu hiyo ndiyo sehemu ya habari aliyonieleza siku ya tatu, nilipokuwa nimejifunza kunyamaza. Kuna mwenzao alirekodi kile kicheko. Kabla hajafika mlangoni, kilikuwa kwenye kundi la darasa la WhatsApp. Kufika jioni, watu asiowajua walikuwa wanakitumia kama kichekesho. Alikaa chumbani siku nne akikisikiliza. Aibu yangu ya mwaka 1980 ililala usingizi taa zilipozimwa, na kesho yake ilikuwa ya jana. Ya kwake ilikuwa mpya kila alipofungua simu. Nani kati yetu sisi wenye vifua angestahimili hilo bila mtu wa kumficha kiatu?

Kisha kuna deni. Sisi tulisomeshwa na serikali, tukapewa nauli na hata posho. Wao, tangu Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, wanasoma kwa mkopo, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Kwa hiyo sentensi moja ya Kiingereza ikienda kombo, kijana huona pia fedha atakazodaiwa, na ng'ombe wa mama yake aliyeuzwa kuongezea ada. Sisi tukifeli tulirudi nyumbani mikono mitupu. Huyu hurudi na deni.

Na tukumbuke kwamba tulioitwa mashujaa leo tuliitwa mayai jana. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu wamevaa majoho, wakipinga kwenda JKT kwa lazima na kukatwa sehemu kubwa ya mishahara yao. Bango moja lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akawafukuza wote waende makwao, jumla yao 393, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nchi nzima iliwaona ni watoto waliodekezwa. Mwaka uliofuata wengi waliruhusiwa kurudi, wakamaliza masomo, wakalitumikia taifa. Leo, mmoja wao akiketi na wazee wenzake, sitashangaa nikisikia anasema vijana wa siku hizi hawawezi shida.

Pamoja na hayo yote sitawaambia vijana kwamba hawana kosa. Lipo jambo ambalo nimeliona miaka ile ya mwisho ya ualimu wangu na ambalo mapenzi hayanifumbi macho nisilione. Wengi hawawezi kutenganisha kazi yao na nafsi yao. Ukimwambia insha hii ni mbaya, yeye husikia kwamba wewe ni mbaya. Wino mwekundu anaupokea kama tusi, na anayemsahihisha "anamwonea". Hali hiyo ina sura mbili. Wapo wanaolia, na wapo wanaopiga. Mwaka 2016, hapa hapa Mbeya mjini, nchi nzima ilitazama picha za video za walimu wa mazoezi, nao wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu, wakimshambulia kwa ngumi na mateke mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Ngumi hazimo. Walifukuzwa chuo, na ilistahili. Niliyatazama yale kama mwalimu mstaafu nikaona vijana wasioweza kustahimili kubishiwa na mtoto. Hao hakuna aliyewaita laini, kwa sababu walikuwa wanapiga. Mimi nawaona ni laini kuliko mjukuu wangu.

Na wahadhiri nao. Najua darasa la mia mbili linavyochosha, na insha mia mbili zinavyomaliza macho. Lakini kuna tofauti kati ya kuisahihisha sentensi na kumchekesha umati kwa mgongo wa mtu. Yule mkufunzi wangu aliyeandika "Hafai" alikuwa sahihi kuhusu somo lile, lilikuwa bovu kabisa. Ila hakuniambia bovu wapi. Hilo niliambiwa bwenini na watu waliokuwa na miaka ishirini.

Wiki ya pili kijana alinionyesha ile insha. Sentensi yenyewe kweli ilikuwa ya kuchekesha, nami nilijiuma midomo. Tukaisoma pamoja, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikiuliza alitaka kusema nini. Alipoifikia sentensi ile alisita, akanitazama, kisha akacheka mwenyewe. Bibi yake akatoka nje kuuliza kuna nini.

Hatukumlazimisha kurudi. Nilimwambia tu kwamba nikiwa hai hatarudi kwenye chumba cha peke yake. Nikapita Kyimo, nikapita Kiwira, nikauliza kwa wazazi ninaowafahamu, mpaka nikampata mama mmoja ambaye mwanawe yuko chuo hicho hicho, mwaka wa pili, naye anaishi na mwenzake wa Busokelo katika chumba chenye nafasi ya kubana godoro la tatu. Mama yule hakushangaa hata kidogo. Alisema wa kwake naye alishuka na godoro mwaka jana, ila yeye alishukia Tukuyu usiku, ndiyo maana hatukujua.

Jumatatu nilimsindikiza barabarani. Wale akina mama wakaliona godoro linapanda, wakaanza upya kukisia. Kondakta akadai nauli ya godoro, tukabishana naye, akapunguza. Kijana akaniamkia, "Shikamoo babu," nami nikasahau kuitikia kwa sababu gari lilikuwa linaondoka.

Jana jioni amepiga simu. Ameonana na mhadhiri ofisini kwake. Mhadhiri hakumkumbuka, hakukumbuka hata kicheko chenyewe, lakini amempa siku kumi aiandike insha upya. Lile kundi la WhatsApp amejitoa, matangazo ya darasa anayasoma kwenye simu ya mwenzake. Malalamiko aliyonayo kwa sasa ni kwamba yule wa Busokelo anakoroma mno, na kwamba watatu katika chumba kile hakuna anayekubali kuosha sufuria.